Darasa la Kiingereza la Majengo: kifuniko, balbu na neno "replace"

Mimi ni fundi wa mashini za boti. Kazi yangu iko ufukweni Bamburi, Mombasa, pale boti za kioo zinapopakia wageni kwenda kuangalia samaki na matumbawe. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Kiswahili nimezaliwa nacho; Kiingereza nimekiokota njiani, kwa watalii, kwa redio, na kwa vitabu vya mashini ambavyo kurasa zake zimeshikana kwa chumvi na grisi. Naandika kwa sababu vijana wa ufukweni huniuliza kila mara lile darasa ninalolikimbilia jioni Majengo lina nini, na jibu lake si la maneno mawili.

Nianze na hasara iliyonipeleka huko.

Mwaka juzi, msimu wa kusi. Bahari imechafuka, wageni wamepungua, na huo ndio wakati wenye boti huleta mashini zao kufanyiwa sevisi. Kijana mmoja akaniletea yake ya hospawa 40, bado mpya, na kitabu chake ndani ya bahasha. Kazi ilikuwa kubadilisha oili ya gia, ile inayokaa chini kabisa kwenye mguu wa mashini, karibu na propela. Kwa asiyeijua kazi hii: mguu una skrubu mbili, moja chini na moja juu. Unazifungua zote, oili chakavu inamwagikia kwenye debe. Kisha unaingiza oili mpya kwa pampu kupitia tundu la chini, polepole, mpaka uione ikichungulia kwenye tundu la juu. Hapo unafunga ya juu kwanza, ndipo unachomoa pampu na kufunga ya chini upesi. Ukichomoa pampu kabla ya juu kufungwa, oili yote inakumwagikia miguuni. Kila skrubu ina washa yake, kiduara chembamba kinachokaa chini ya kichwa cha skrubu. Skrubu ikikazwa, washa inabanika na kuziba kila upenyo. Kinachozuia maji ya bahari yasiingie ni hicho kiduara.

Kitabu kilisema washa zile ni za ku-"replace". Neno hilo nililijua tangu utoto. Nje ya posta palikuwa na kibanda cha simu ya sarafu, na kibao chake kilimwambia mtu akimaliza kuzungumza a-"replace" mkono wa simu, yaani aurudishe mahali pake. Mama alikuwa akinituma pale kuwapigia ndugu zake Lamu, na kibao kile nilikisoma mpaka nikakihifadhi. Basi nikazifuta zile washa vizuri kwa kitambaa, nikazirudisha zilipokuwa, nikakaza skrubu, nikapokea ujira wangu.

Wiki tatu baadaye kijana akarudi. "Ami, njoo uone." Nikafungua skrubu ya chini. Oili ikatoka nyeupe, nzito, kama tui la kwanza. Kila fundi wa boti anaijua maana yake: maji yameingia yakachanganyika na oili, na gia zimekuwa zikizungukia humo siku zote hizo. Beringi mbili zilikwisha anza kutu. Nikanunua beringi, sili na oili kwa pesa zangu, shilingi 14,000 na ushei, na kazi nikaifanya bure. Kijana hakunikemea. Alisema tu, "Lakini ami, si kitabu nilikupa?" Usiku ule sikulala vizuri.

Nikaenda kujiandikisha kwenye kozi moja mjini, yenye bango kubwa barabarani na cheti mwishoni; jina lake naliacha. Miezi mitatu, shilingi 9,000. Tulipewa orodha za maneno, Kiingereza kushoto, Kiswahili kulia, tukakariri. Nilipouliza habari ya "replace", mkufunzi akanijibu bila kuinua kichwa: badilisha. Nikaandika, nikaamini. Haukupita mwezi, mashini nyingine, kitabu kingine, nikafika kwenye mstari unaoeleza skrubu ya juu, na neno ni lile lile. Nikajiambia leo sirudii kosa. Nikapanda matatu, nikashuka Mwembe Tayari, nikazunguka maduka ya vipuri kutwa nzima nikitafuta skrubu mpya ya mashini ile, huku nyuma mashini ya watu imeachwa wazi juu ya stendi. Sikuipata. Na skrubu niliyokuwa nayo haikuwa na kasoro hata moja. Kitabu kilikuwa kikiniambia niirudishe tu, ya juu kwanza, kisha ya chini.

Baada ya hapo nikaanza kuviogopa vitabu. Fundi akishaogopa kitabu huanza kukisia, na mashini ya baharini haikisiwi. Inaweza kumzimikia mtu nje ya mwamba, na watoto ndani ya boti.

Darasa la Majengo nilionyeshwa na mke wangu, ambaye shoga yake alikuwa akisoma pale. Liko orofani, juu ya fundi cherehani, kwenye kichochoro ambacho tuktuk hulazimika kurudi kinyumenyume kutoka. Mwalimu ni mama mtu mzima, amestaafu baada ya kufundisha Kiingereza skuli miaka mingi. Jina lake siandiki kwa kuwa mwenyewe hapendi. Wanafunzi humfikia kwa kuletwa na wenzao, na viti ni kumi na sita basi. Ada ni shilingi 2,500 kwa mwezi, na mwenye kipato cha siku kwa siku huruhusiwa kutoa kwa wiki. Tunasoma Jumatatu na Jumatano. Tunaanza saa moja usiku baada ya Maghribi, tunapumzika kwa Isha, tunarudi hadi saa tatu. Wakati wa mapumziko muuza kahawa hupanda na dele lake hadi mlangoni, kikombe kimoja na kipande cha haluwa.

Siku ya kwanza aliniuliza, "Wewe baba, umekuja kutafuta nini?" Nikamwambia nimekuja kwa neno moja. Nikamsimulia washa na skrubu. Wenzangu wapya wakanisikiliza kimya, hakuna aliyecheka, na hilo nalitaja kwa sababu lilinifanya nirudi wiki ya pili. Mwalimu akasema, "Neno lako tutalifanya Jumatano. Njoo na kitabu."

Jumatano akaja na chupa ya chai na kifurushi cha gazeti. Chupa akaiweka mezani, akafungua kifuniko, akamwambia kijana mmoja anayefanya kazi hotelini Nyali, "Replace the lid." Kijana akakichukua kifuniko, akakifunga. Vizuri. Kisha akampeleka mlangoni, kwenye ngazi, ambapo taa ilikuwa imeungua tangu wiki iliyopita na sote tulikuwa tukipanda kwa kupapasa ukuta. Akamwambia, "Replace the bulb." Kijana akapanda kiti, akaifungua balbu, akasimama nayo mkononi.

"Haya, irudishe," Mwalimu akasema. "Kifuniko si ulikirudisha?"

"Nikiirudisha hii, Mwalimu, patabaki giza."

Akakifungua kile kifurushi, akatoa balbu mpya, akampa. Ngazi ikawaka. Akarudi mbele ya darasa akatuuliza: kitenzi kilikuwa kimoja, nani aliyemwambia kijana huyu kwamba kifuniko kinarudi na balbu hairudi? Tukaanza kubabaika, huyu anasema sarufi, huyu anasema matamshi. Akangoja. Mwishowe dada mmoja mwokaji akasema, "Ni balbu yenyewe, Mwalimu. Imeungua." Mwalimu akapiga kofi moja. Ndivyo.

Nimekaa darasani kwa watu wengi maishani, na huwa nasahau kwa siku chache. Kile kifuniko na ile balbu sitavisahau.

Akaeleza kisha kwa utulivu. Ndani ya neno lenyewe, akasema, mna "place", mahali, na mbele yake "re", ambayo ni kurudi au kufanya tena. Maana yake ya zamani zaidi, tangu mwishoni mwa karne ya 16, ni kurudisha kitu mahali pake, ndiyo ya kifuniko na ya mkono wa simu. Baadaye neno likapanuka: kitu kingine kinakuja kukaa mahali pale pale, na cha kwanza kinaondoka. Waingereza hawakuitupa ile ya zamani. Wanazitumia zote mbili hadi leo, tena pengine kwenye ukurasa mmoja. Sisi kwenye Kiswahili tumezigawa. Fundi akimwambia mwanagenzi "rudishia nati", hakuna mwanagenzi atakayekwenda dukani. Akimwambia "badilisha nati", hakuna atakayeirudisha ile mbovu. Kwa hiyo anayesoma Kiingereza kwa kutafuta neno moja la Kiswahili la kulibandika juu yake, lazima atashika nusu. Mimi nilishika nusu ya kwanza utotoni, nikauziwa nusu ya pili kwa shilingi 9,000.

Kijana wa hoteli naye akatoa lake. Bafuni kwao kuna kadi inayomwomba mgeni taulo anayotaka kuitumia tena ai-"replace" kwenye chuma chake. Yeye alijua "replace" ni kubadilisha, basi kila taulo aliyoikuta imetundikwa chumani aliiondoa na kuweka safi, na zile zilizotupwa sakafuni akadhani mgeni bado anazitaka. Wageni wakalalamika kwa mkubwa wake wiki nzima kabla mtu hajamweleza. Nilimtazama nikaona ndugu yangu. Kosa lake lilikuwa la kwangu limegeuzwa.

Ndipo ukafika wakati wa kitabu changu. Mwalimu akavaa miwani, akausoma ukurasa wote, akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. "Hii washa ikishabanwa mara moja, huwaje?" Nikamweleza: inalala, inakuwa bapa, ukiibana tena haina tena nafasi ya kubanika. "Na skrubu?" Skrubu ni chuma, kama uzi wake mzima inafungwa na kufunguliwa miaka. Akakisukuma kitabu kwangu. "Basi mwalimu wa ukurasa huu ni wewe. Mimi najua neno lina milango miwili. Upite upi, aliyeshika spana ndiye anayejua."

Kisha akaandika ubaoni, kwa Kiswahili, maswali ya kujiuliza ukikutana nalo. Kuna kitu kilichochakaa hapa, au kimefunguliwa ili kupisha kazi tu? Hatua za nyuma zimekwambia ukiweke kando, au zimekwambia ukitupe? Baada yake kuna neno "with", au "new"? Ukiona "with", jua kuna kingine kinachoingia. Akaongeza kwamba baadhi ya waandishi wa vitabu vya mashini, kwa kuijua hatari hii, huandika "refit" au "reinstall" kwa kurudisha, na "renew" kwa kuweka kipya. Nilipofika nyumbani nilivitoa vitabu vyangu vyote sandukuni. Kimoja, cha mashini ya zamani, kiliandika "renew" kwenye washa miaka yote hiyo, na mimi nilikuwa nikilipita neno hilo kama nguzo ya stima.

Jumatatu iliyofuata tuliingia kwenye "substitute", na hapa palikuwa pa dada mwokaji. Yeye huoka keki na mikate ya sinia kwa oda, na wateja wake wengine hawatumii maziwa ya ng'ombe. Huletewa ujumbe wa Kiingereza, na kila mara humbidi apige simu kuhakikisha. Mwalimu akaandika sentensi mbili, moja juu ya nyingine: "Replace the milk with coconut milk." "Substitute coconut milk for the milk." Keki ni moja. Ya kwanza inataja maziwa mbele, nayo ndiyo yanayotoka. Ya pili inataja tui mbele, nalo ndilo linaloingia. Ukizisoma kwa haraka ukafuata mpangilio tu, utaweka maziwa penye tui. Akatuonyesha kwamba Kiswahili kina nanga hapa: linalofuata baada ya "badala ya" ndilo linalotoka, popote utakapoliweka. Weka tui badala ya maziwa; badala ya maziwa, weka tui. "For" ya kwenye "substitute", akasema, isomeni "badala ya", na hamtapotea. Dada mwokaji alikiandika kitu hicho nyuma ya mkono wake kwa kalamu, na wiki hiyo hakupiga simu hata moja.

Kocha wa timu ya watoto wa Kisauni akapinga. Kwenye televisheni wanasema mchezaji fulani "was substituted", na anayetoka uwanjani ni yeye, si anayeingia. Mwalimu akakubali palepale. Mpira, akasema, umeligeuza neno. Ligi ya Uingereza iliruhusu mchezaji wa akiba mwaka 1965, tena kwa aliyeumia tu, na fainali za Kombe la Dunia zikafuata mwaka 1970 kule Mexico. Kadiri miaka ilivyokwenda watangazaji wakazoea kumtaja anayetoka. Ukitazama mpira, fuata kibao cha mwamuzi, chenye nambari nyekundu kwa anayetoka na ya kijani kwa anayeingia. Na wapo sasa wanaoandika "substitute" na "with" kama vile "replace". Kamusi zimeanza kuwakubali. Kilichonifurahisha ni kwamba hakuficha fujo hiyo. Ile kozi ya mjini ingetupa mstari mmoja na kutufunga mdomo.

Kuhusu "replaced by" tulipita upesi, lakini mfano wake nauona kila jioni nikivuka. Daraja la Nyali la sasa lilifunguliwa mwaka 1980, likashika nafasi ya lile lililoelea juu ya maji, la mwaka 1931. Mwalimu alilivuka lile la zamani akiwa msichana. Daraja la zamani "was replaced by" la sasa: hakuna aliyerudisha chochote, hakuna spana, kitu kimoja kimeketi pa mwenzake. Tangu siku hiyo, foleni ya matatu ikinasa pale juu, huwa naangalia maji chini na kufikiria watu waliokuwa wakipita wakiwa karibu nayo kiasi kile.

Sasa upungufu, maana sitaki mtu aende akaniona mwongo. Chumba ni cha joto. Panka ni moja na hufanya kazi ya kusukuma hewa moto kutoka pembe hii kwenda pembe ile. Mwezi wa pili na wa tatu utatoka umelowa. Karatasi zinazogawiwa zimetolewa kopi juu ya kopi na zingine hazisomeki. Cheti hakuna, anayetaka karatasi ya kuombea kazi aende kwingine. Mazungumzo ni machache kwa ladha yangu, na kijana wa hoteli ambaye hula kwa kuzungumza na wageni analalamika juu ya hilo, kwa haki. Anayetoka ng'ambo kama mimi ahesabu foleni ya Kongowea na ya darajani. Mara mbili nimefika Isha imeshaadhiniwa. Na Mwalimu hapendi simu kabisa. Akiisikia inalia anasimama kimya mpaka uizime, na kimya chake ni kizito.

Kwa 2,500, narudia kusema, sijapata thamani kama ile mahali popote mjini. Anachokifanya ni kuchukua neno ambalo tayari unadhani unalijua, na kulifungua mbele yako mpaka uone lilivyokuumiza. Maneno mapya unaweza kuyatafuta kwenye simu. Lile unalodhani unalijua hulitafuti.

Mwezi wa saba yule kijana wa mashini ya hospawa 40 alinirudia. Nilikuwa sijui kama angenirudia. Saa 100 za kazi zilikuwa zimetimia, oili ilihitaji kutoka. Tulikifungua kitabu pamoja juu ya ubao wa boti, nikamsomea kila mstari kwa Kiswahili: hii tunarudisha, hii tunatupa. Nikafungua skrubu ya chini naye akiwa amechutama pembeni yangu. Ikatoka nyeusi kidogo, laini, bila doa jeupe. Akatia kidole, akakisugua na gumba, akanusa. "Sawa, ami," akasema, akanipa zile washa mbili mpya alizokuwa ameshazinunua mwenyewe.

Ukienda Majengo, fika kabla ya saa moja upate kiti cha dirishani, na beba kitabu, barua au kadi yenye neno lililokutia hasarani. Atakuuliza siku ya kwanza.